Njia ya Msafara kama Tatizo la Vikwazo: Tabora, 1871

Programu za kompyuta zinazotatua vikwazo hutenganisha mambo mawili: sharti lisilovunjika na gharama inayopaswa kupunguzwa. Utengano huo huifafanua njia ya Tabora kuliko ramani. Mpagazi alibeba takribani frasila mbili, yaani kilo 32, hivyo kila akiba ya chakula iliondoa bidhaa. Katika nyika ya Mgunda Mkali, maji yaliamua urefu wa mwendo. Hongo ya watemi wa Ugogo ilikuwa gharama tu, kwani ililipika. Vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora, mwaka 1871, vilikuwa sharti: viliifunga njia fupi ya Ujiji. Septemba mwaka huo msafara wa Stanley uliondoka Kwihara kuelekea kusini, ukapitia Ukonongo, kisha ukageuka kaskazini hadi Malagarasi. Huko Uha hongo ilidaiwa mara kwa mara hata ikatishia kumaliza vitambaa. Msafara ukapita usiku, kwa siri. Gharama ilikuwa imegeuka sharti. Stanley ndiye aliyeandika kitabu, lakini utafutaji wenyewe, wa visima, vijiji vyenye nafaka na vivuko, ulitegemea maarifa ya waongozaji na wapagazi wake.