Laga Nayo Ina Historia

Kijana mmoja wa kikundi chetu aliniuliza, "Huku Kakuma kuna historia gani? Si ni mchanga tu na jua?" Swali lake si baya. Wengine tulikuja hapa wadogo, wengine wamezaliwa hapa hapa, na historia tunayosimuliwa nyumbani ni ya kule tulikotoka. Lakini mimi natembea na vijana kwenye laga kila Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali, na nasema historia tunaikanyaga.

Laga ni mto wa mchanga. Karibu mwaka mzima juu hakuna maji, ila chini yapo. Ndo maana akina mama wa Kiturkana wanachimba visima humo humo mchangani. Mvua ikinyesha mbali milimani, maji yanashuka kwa ghafla hata kama hapa kwetu hakuna wingu. Tarach imeshabeba nyumba za watu hapa kambini, sote tunajua.

Sasa sikiliza. Maji hayo hayo yanayobomoa ndiyo yanayofukua. Kila mafuriko yanakwangua kingo, na udongo wa zamani sana unatokea juu. Mwaka 1984, Kamoya Kimeu, Mkenya aliyeanza kama kibarua wa kuchimba, alienda kutembea siku yake ya mapumziko kando ya laga ya Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana. Kati ya kokoto akaona kipande kidogo cha fuvu. Wenzake walipochimba, wakapata mifupa zaidi ya 100 ya mvulana mmoja aliyekufa miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na Sonia Harmand walipotea njia kwenye laga za Lomekwi. Huko walikopotelea ndiko walikokuta mawe yaliyochongwa na mikono, ya miaka milioni 3.3. Mpaka wakati huo hakuna aliyekuwa amepata vifaa vya mawe vya zamani kuliko hivyo.

Halafu kuna historia ya juzi. Mwaka 1991 serikali ya Mengistu ilianguka Ethiopia, na maelfu ya wavulana wa Sudan waliokuwa kwenye kambi za huko wakakimbia tena. Walivuka mto Gilo, wengi wakafia majini. Waliobaki walitembea mpaka Lokichoggio, na mwaka 1992 kambi ya Kakuma ikaanzishwa. Kwa hiyo kambi hii ilianza na watoto waliofika kwa miguu. Na walipofika, njia za mbuzi na ngamia za Waturkana zilikuwa tayari zimepita hapa.

Kwa nini nayasema haya? Kwa sababu tukigombania kuni na maji, tunaongea kama vile sisi na wenyeji hatuna lolote la pamoja. Yule mvulana wa Nariokotome si wa kabila lolote. Ni wa kwetu wote. Tena Nariokotome iko kaunti hii hii, lakini kijana mkimbizi hawezi kwenda kuiona bila kibali cha kusafiri. Watalii wanafika, mwanafunzi wa hapa anaisoma kitabuni.

Nyinyi ndugu zetu wa mashirika, mnapopanga ziara za vijana, ombeni na vibali vya huko. Nauli ya basi moja inaweza kufundisha kuliko semina tatu.

Na nyinyi vijana, tembeeni asubuhi, wengi pamoja, na msindikizwe na mzee Mturkana anayejua njia. Mkisikia mngurumo kutoka juu ya laga, tokeni mchangani haraka, msisubiri kuona maji. Mkiona mfupa umegeuka jiwe, msiuokote. Uacheni palepale, mmwonyeshe mzee.

Kamoya aliona kile kipande kwa sababu alitembea polepole akiangalia chini. Hiyo hata sisi tunaiweza.