Jiwe la Kalima, jino linalotoboa chuma

KINDU – Reli ya Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, ilikamilika mwishoni mwa mwaka 1910. Kampuni ya CFL iliijenga kwa sababu maporomoko ya Lualaba yanazuia meli kupita moja kwa moja. Kila pale vyuma viwili vya reli vinapoungana pana matundu ya bolti. Hata meli za chuma za zamani zilishikwa kwa ribiti, na kila ribiti ilihitaji tundu lake. Bila tundu, chuma hakiungani na chuma.

Leo, mafundi wa madaraja na meli katika nchi nyingi hutumia mashine yenye sumaku chini yake. Umeme ukiwashwa, sumaku inang'ang'ania chuma na mashine haitikisiki. Kikata chake ni bomba fupi lenye meno mdomoni. Hakisagi tundu lote, bali hukata duara la pembeni tu, na kipande cha katikati kinadondoka kizima. Ndiyo maana kazi inakwenda upesi. Mmarekani Douglas Hougen, wa jimbo la Michigan, ndiye aliyekieneza kikata hicho katika miaka ya 1970.

Siri iko kwenye meno. Vikata vya chuma kigumu huwekwa meno ya kabidi, yaani unga wa tungsteni na kaboni ulioshikanishwa kwa kobalti katika moto mkali. Mjerumani Karl Schröter aliivumbua mwaka 1923. Kampuni ya Krupp ikaiuza kwa jina la Widia, yaani «kama almasi».

Hapo ndipo habari inaporudi nyumbani. Tungsteni hutoka katika jiwe la wolframiti, na wolframiti inachimbwa Kalima, eneo la Pangi, pamoja na kasiteriti ambayo kampuni ya Symetain ilianza kuifuata katika miaka ya 1930. Kobalti nayo inatoka Katanga.

Jiwe hilohilo lilileta taabu. Mwezi wa saba 2010, Marekani ilipitisha sheria inayodai makampuni yaeleze asili ya bati, tantali, tungsteni na dhahabu yanayotumia, ili madini yasilishe vita vilivyofukuza watu makwao. Mwezi wa tisa mwaka huohuo, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji Maniema na katika Kivu zote mbili, hadi mwezi wa tatu 2011. Lengo lilikuwa kuwabana wenye silaha, lakini mchimbaji wa sululu na koleo naye alikosa chakula cha watoto.

Baadaye mifuko ya madini ilianza kufungwa lebo kwenye machimbo. Lebo inasema jiwe limetoka wapi. Haisemi litarudi lini. Jiwe linaondoka Maniema likiwa jiwe, linageuzwa jino ng'ambo, na fundi wa Kindu akilihitaji, analinunua kwa bei ya mgeni.