Nitajuaje Kama Hawa wa Hospisi ni Watu Wazuri?



Juzi baada ya Isha nimefungua simu nikakuta ujumbe wa sauti wa dakika sita kutoka kwa binti mmoja anayefuatilia ukurasa huu. Mama yake ana saratani ya shingo ya kizazi. Hospitali kubwa wamemwambia dawa ya kuiondoa haipo tena, amrudishe nyumbani, na wamempa karatasi ya kwenda kwa watu wa hospisi walio karibu nao. Majirani wanamwambia hospisi ni kumharakishia mtu kifo. Mjomba wake anasema hao ni watu wa kanisa. Yeye hakuuliza mengi, aliuliza moja tu: "Shekhe, nitajuaje kama hawa watu ni wazuri?"

Binti yangu, swali lako ni la zamani kuliko unavyodhani, na mimi binafsi nina deni nalo. Deni langu nitalitaja huko mbele. Kwanza tupite kwenye tarikhi, maana wapo wanaodhani kupima kazi ya tabibu ni jambo la Wazungu.

Mwaka wa 5 Hijria, katika vita vya Khandaq, Saad bin Muadh (r.a.) alipigwa mshale ukamkata mshipa wa mkono. Mtume (s.a.w.) akaamuru apigiwe hema ndani ya msikiti wake, Madina. Wanahistoria wa sira wanamtaja bibi mmoja, Rufaida wa kabila la Aslam, aliyekuwa na hema lake hapo akiuguza majeruhi. Sote tunajua mwisho wa Saad: jeraha lilifunguka, damu ikatoka mpaka ikawafikia waliokuwa hema la jirani, na akafariki. Hakupona. Lakini tazameni kwa nini aliwekwa pale. Riwaya inasema ni ili Mtume aweze kumtembelea kwa karibu. Mtu mkubwa kuliko wote Madina, katika siku ngumu kuliko zote, alipanga mambo yake ili asiwe mbali na mgonjwa. Nikiulizwa kipimo cha kwanza cha watu wa kuuguza, huanzia hapo: wanafika? Na wakiahidi Jumanne, wanafika Jumanne?

Baadaye dola ikakua na mambo yakawekewa utaratibu. Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik, mwaka wa 88 Hijria, sawa na 707, anatajwa kuwa wa kwanza katika Uislamu kujenga bimaristani, na aliwapangia wenye ukoma posho wasiombe watu, na kila kipofu mtu wa kumshika mkono. Mwanzoni mwa karne ya 4 Hijria, waziri Ali bin Isa wa Baghdad alimwandikia mkuu wa matabibu, Sinan bin Thabit, apeleke matabibu magerezani kila siku, na wengine wazunguke vijijini na dawa zao. Yaani yule nesi wa pikipiki anayekuja na begi mgongoni, wenzake walikuwapo Iraki miaka elfu moja iliyopita. Mwaka 1154 Nuruddin Zengi akajenga bimaristani ya Damascus ambayo jengo lake lipo mpaka leo, limegeuzwa makumbusho. Amiri mmoja aliugua akatibiwa kwa dawa za huko, akaweka nadhiri kwamba akipata utawala atajenga kama hiyo. Akawa Sultani Qalawun, na mwaka 1284 akafungua al-Mansuri kule Cairo.

Hati ya wakfu ya al-Mansuri ndiyo ninayoipenda zaidi. Ukiisikia utadhani imeandikwa na mtu aliyewahi kulala kitandani akiwa hoi. Mlango wazi kwa mwanamume na mwanamke, tajiri na fukara. Hakuna siku za kukaa zilizowekewa ukomo. Chakula cha kila mgonjwa kiwe kwenye chombo chake na kifunikwe. Fedha za wakfu zinunue hata vipepeo vya ukindu kwa ajili ya joto. Na anayefariki aoshwe, avishwe sanda na azikwe kwa mali ya wakfu. Vipepeo, ndugu zangu! Sultani mzima mwenye majeshi anaandikisha vipepeo mbele ya kadhi. Alijua mgonjwa haangalii ukubwa wa jengo, anaangalia nani anampepea saa nane mchana.

Hapa baadhi yetu huwa tunateleza. Tunasema hospisi tuliianzisha sisi Waislamu. Mimi sisemi hivyo. Bimaristani ilikusudiwa kuponya, na yule ambaye hatapona kwa kawaida alifia nyumbani kwake kati ya watu wake, kama alivyofia babu yangu na babu yako. Ambacho tulikuwa nacho kweli, na tukakiacha, ni hisba: kumuuliza tabibu kazi yake.

Mwaka wa 319 Hijria (931) mtu alifariki Baghdad kwa kosa la tabibu. Khalifa al-Muqtadir akaamuru mtu yeyote asitibu mpaka Sinan bin Thabit amtahini. Waliotahiniwa walipita 860 katika mji mmoja. Na katika karne ya 12, zama za Salahuddin, ash-Shayzari aliandika kitabu cha kumwongoza muhtasibu sokoni, kuanzia mwoka mikate mpaka tabibu. Kwa tabibu ameweka utaratibu wa ajabu: akimwona mgonjwa aandike maradhi aliyoyaona na dawa aliyoitoa, na nakala awaachie jamaa za mgonjwa. Kesho akirudi, aandike tena, aache tena nakala. Mgonjwa akifariki, jamaa wanazipeleka zile karatasi kwa mkuu wa matabibu azisome. Akiona kazi ilifanywa sawasawa, anawaambia ajali ilifika. Akiona uzembe, wanadai diya.

Binti yangu, ulishapata kipimo cha pili. Je, hao watu wanaandika? Na daftari linabaki nyumbani kwenu, au wanaondoka nalo?

Sasa tuje zama zetu. Hospisi kama inavyojulikana leo ilianza London mwaka 1967, St Christopher's, chini ya Cicely Saunders, mama aliyekuwa nesi, kisha mhudumu wa jamii, kisha akaenda kusoma udaktari. Yeye alifundisha kwamba maumivu ya anayeondoka hayako mwilini peke yake, yamo pia rohoni, kwenye familia na kwenye mfuko. Afrika ya kwanza ilikuwa Harare mwaka 1979. Nairobi wakaanza 1990. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman akaanzisha Hospice Africa Uganda, na hapo ndipo jambo likashuka mpaka kwa maskini, kwa sababu alikuja na mofini ya kunywa: unga wa mofini uliochanganywa na maji, rangi ikitofautisha nguvu ya dawa, bei ndogo, mgonjwa anakunywa akiwa kwake. Mwaka 2004 Uganda wakabadilisha sheria, nesi na tabibu msaidizi waliosomea wakaruhusiwa kuiandika, kwa kuwa vijijini daktari hayupo. Kwetu Tanzania jina lililokubalika ni tiba shufaa, na Ocean Road pale Dar es Salaam, jengo la Wajerumani la 1897, ndiko wagonjwa wengi wa saratani wamepitia.

Kuhusu mjomba: ni kweli, sehemu nyingi walioanza ni hospitali za makanisa. Selian ya Arusha ni ya Walutheri, Muheza ni ya Waanglikana. Mimi hilo linanitia haya kuliko hasira. Kwani wakfu zetu zilikuwa wapi? Na Mtume (s.a.w.) katika Hijra, akiwindwa, njia aliongozwa na Abdullah bin Urayqit, ambaye hakuwa Muislamu. Alimchagua kwa sababu aliijua njia na alikuwa mwaminifu. Mjomba aulize hayo mawili. Kama wanaomuuguza mgonjwa wanatumia maumivu yake kumbadilishia dini, hapo wamekhini na mfungieni mlango. Kama wanamwachia ibada yake, wakaribisheni.

Deni langu ni hili.

Miaka kama kumi na tano iliyopita kijana wa msikitini kwangu alinijia na chupa ya dawa. Mama yake alikuwa na saratani ya titi iliyoingia kwenye mifupa. Akaniuliza, "Shekhe, hii mofini ni halali?" Sikumuuliza mtu. Nikamwambia ni katika mihadarati, aiache, amsomee mama Qur'ani asubiri. Kijana akanitii. Yule mama alilia usiku tano. Nyumba yao haikuwa mbali na msikiti na alfajiri nilikuwa naisikia sauti yake nikiwa naenda kuadhini. Siku ya sita nesi alinifuata barazani. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Shekhe, mkono wa mtu ukioza ukatakiwa kukatwa, dini yenu inasema akatwe akiwa macho?"

Nilirudi kwenye vitabu nikiwa na aibu. Na jibu lilikuwa ndani ya madhehebu yetu wenyewe ya Shafii. Imamu an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameizungumza mas'ala hii hii, mtu anayekatwa kiungo kilichooza na kuhitaji dawa ya kumwondolea fahamu, na akaona sahihi zaidi ni kujuzu. Ikiwa fahamu yote kuondoka kwa haja inajuzu, vipi dawa inayotuliza mgonjwa akabaki anaongea na watoto wake? Nilikwenda kwa yule kijana usiku ule ule. Chupa ikafunguliwa. Mama aliishi wiki tatu nyingine, na katika hizo aliswali kwa kukaa, akausia, akamwita dada yake waliyegombana. Zile usiku tano siwezi kumrudishia.

Kwa hiyo usinisikilize mimi kwa sababu nina kilemba. Kipime hicho kituo kwa macho yako.

Maumivu kwanza. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani liliweka utaratibu: dawa kwa mdomo, kwa saa, na kwa ngazi, yaani kuanzia nyepesi kupanda hadi nzito. Kwa saa maana yake haingojwi mgonjwa alie ndipo apewe. Mofini ya maji hupewa kila baada ya saa nne. Waulize, "Maumivu yakirudi kabla ya saa, nifanye nini?" Anayejua kazi atakujibu palepale, na kiasi atakutajia. Halafu waulize kuhusu choo. Mofini hufunga choo karibu kila mtu, na kituo makini hutoa dawa ya kulainisha tangu siku ya kwanza. Wakikushangaa kwa swali hilo, nami nawashangaa. Na kipimo huanza kidogo na kupandishwa kwa kufuata maumivu. Ikitolewa namna hiyo haiui, majirani waambie hivyo.

Kipo pia chombo ambacho watu wa tiba shufaa Afrika wamejitengenezea wenyewe, chini ya umoja wao wa APCA. Ni maswali kumi tu, saba kwa mgonjwa na matatu kwa familia, na kila jibu linapewa namba sifuri hadi tano. Mgonjwa anaulizwa maumivu, dalili nyingine, wasiwasi, kama ameweza kumweleza mtu yaliyo moyoni, kama maisha yanaona yana thamani, kama ana utulivu. Familia inaulizwa imepata maelezo kiasi gani, ina uhakika gani katika kuuguza, ina wasiwasi gani. Nilipoyaona nikakumbuka nakala za ash-Shayzari. Yakiulizwa leo na wiki ijayo, namba zinasema zenyewe kama kazi inafanyika. Waulize kama wanayatumia.

Kaka yangu mkubwa alipougua tulipitia watu wa aina mbili. Wa kwanza walikuja saba, wamevaa fulana zinazofanana, wakapiga picha na kaka akiwa amelala kifua wazi, wakaacha sukari na sabuni, hatukuwaona tena. Siwataji. Wa pili alikuja nesi mmoja mwenye kandambili zilizochoka. Alimgeuza mwenyewe, akatazama mgongo na visigino kama kuna vidonda vya kulala, akamfundisha shemeji namna ya kusafisha kinywa kwa kitambaa, akamuuliza kaka anaogopa nini. Kaka akamwambia kitu ambacho sisi ndugu zake hatujawahi kukisikia: deni la shamba. Tukalilipa akiwa hai.

Na sisi Waislamu tuna mambo yetu ya kuongeza. Waulize kama watakwambia mapema dalili za siku za mwisho zikianza, ili awepo wa kumlakinia shahada na kumwelekeza kibla, tusije tukaitwa mtu ameshaondoka. Kama wanakubali ahudumiwe na mwanamke mama akitaka stara. Kama maji ni shida kwake, muulizeni imamu wa karibu namna ya kumtayamamisha. Hiyo ni kazi yetu, tusiwatwike wao.

Wapokee kwa wiki mbili, binti yangu, ukiandika kwenye daftari lako siku waliyokuja, walichotoa, na mama alilalaje usiku ule. Baada ya hapo nitumie, tulisome pamoja na daktari mmoja anayeswali kwetu. Na namba ya nesi iandike ukutani kwa makaa au kalamu karibu na kitanda. Simu huzima chaji, na usiku huo atakayekuwa zamu anaweza asiwe wewe.

Wallahu aalam.