Reale ya Maria Theresa

Mwenye kurithi reale ya fedha yenye sura ya mwanamke aliyejitanda ushungi, asiende kwa sonara kabla ya kuitazama vema. Sura hiyo ni ya Maria Theresa, mtawala wa Austria, aliyekufa mwaka 1780. Reale zake zilienea Uhabeshi, Arabuni na pwani yetu. Katika karne ya 19 forodha ya Unguja ilihesabu mapato yake kwa reale hizo.

Watu waliizoea mno hata hawakutaka nyingine. Basi ikaendelea kupigwa baada ya kifo chake, na mwaka ulioandikwa haukubadilishwa: ni ule ule wa 1780. Mwaka 1935 Waitalia waliokuwa wakienda kupigana Uhabeshi walipata mihuri yake kutoka Vienna. Kisha ikapigwa hata London, Paris na Bombay. Kwa hiyo tarehe yake haikuambii umri wake. Yakupasa kuisoma reale yenyewe.

Wafanya biashara wa zamani walilijua hilo. Walitazama lulu za tajini, kipini cha begani, na herufi S.F. chini ya kifua; kama hazikuonekana wazi, waliikataa. Walikuwa na hadhari, lakini nadhani mara nyingine walikataa fedha nzuri.

Maana alama hufifia kwa njia mbili. Kipande cha fedha kibanwapo kati ya mihuri miwili ya chuma, fedha huingia katika mashimo ya mihuri na kufanya sura. Nguvu ikipungua, au muhuri ukiwa umechakaa, fedha haifiki mwisho wa shimo, na mahali palipotakiwa kuinuka hubaki bapa. Hapo reale haikulika, ilizaliwa hivyo. Njia ya pili ni mikono na mifuko ya miaka mingi.

Utazitofautishaje? Igeuze polepole mbele ya dirisha. Iliyolika, nywele juu ya sikio, shavu na bega huwa laini na rangi ya kijivu, na mng'ao hukatika hapo. Iliyopigwa kwa udhaifu, pale bapa hukwaruza kidogo kama kipande kilivyokuwa kabla ya kupigwa, na mng'ao huzunguka uwanda wote bila kukatika, na herufi za kando huweza kuwa kali.

Ukiwa bado na shaka, tumia mizani. Reale kamili ina uzito wa gramu 28 na kidogo, na katika sehemu 1000 zake, 833 ni fedha safi. Kulika hupunguza uzito. Pigo dhaifu halipunguzi kitu. Mnunuzi akikuambia "hii imelika" ili apunguze bei, nayo ina uzito wake kamili, usikubali. Tazama pia ukingoni, ambapo pana maandishi ya Kilatini yaliyoinuka, yenye maana ya haki na huruma; yaliwekwa ili mtu asiweze kukwangua fedha bila kujulikana.

Wala usiisugue kwa majivu au mchanga ili ipendeze. Nimeona nyingi zilizoharibiwa hivyo na wenyewe, siku moja tu kabla ya kuziuza. Na ule mng'ao wa kiwandani ukishaondoka, haurudi.