Akii-Bua na Mwalimu Aliyembadilishia Mbio

Anayetafuta mwalimu wa mazoezi siku hizi mjini Kampala huuliza bei, kisha humtazama mwalimu mwenyewe kama ana kifua cha kuonyesha. Historia ya John Akii-Bua inaongeza swali la tatu, nalo kwa maoni yangu ndilo kubwa: je, mwalimu huyo ameuangalia mwili wako, au ana ratiba moja kwa watu wote?

Akii-Bua alizaliwa Lango, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1949. Walimu wake hakuwatafuta. Aliwakuta kazini, katika jeshi la polisi. Wa kwanza alikuwa Jorem Ochana, mruka viunzi aliyemtangulia. Jina hili husahauliwa sana katika masimulizi yetu, ambayo hupenda kuanza na Mwingereza.

Mwingereza huyo, Malcolm Arnold, alikuja mwaka 1968 kufundisha timu ya taifa. Wakati huo Akii-Bua alikuwa akikimbia viunzi vya mita 110, na alikuwa ameshindwa kufuzu Olimpiki ya Mexico. Mwalimu mvivu angemwongezea mazoezi yale yale. Arnold alimhamishia mita 400. Viunzi vya huko ni vifupi zaidi, sentimita 91 badala ya 106, lakini kutoka kimoja hadi kingine ni mita 35, na mkimbiaji lazima azipange hatua zake huku pumzi ikimwishia. Ni kazi nyingine kabisa, inayotaka mtu mwenye kasi na ustahimilivu pamoja.

Matunda hayakuja upesi. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh, 1970, Akii-Bua alikuwa wa nne. Wengi wetu tungemfukuza mwalimu hapo hapo. Wao waliendelea, na tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, Akii-Bua akapangiwa njia ya kwanza, ambako kona ni kali kuliko njia nyingine zote. Alimaliza kwa sekunde 47.82. Rekodi ya dunia ilikuwa 48.12 ya David Hemery, ambaye siku hiyo alitoka wa tatu. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki.

Wapo wanaosema miguu ilikuwa ya Akii-Bua, si ya Arnold. Ni kweli. Lakini baadaye Arnold alimfundisha Colin Jackson wa Wales, na huyo hakumhamisha. Alimwacha kwenye mita 110, akaweka rekodi ya dunia ya sekunde 12.91 mwaka 1993. Mwalimu mmoja, miili miwili, maamuzi mawili tofauti.

Akii-Bua aliikosa Montreal mwaka 1976 kwa sababu ya mgomo wa nchi za Afrika, na mwaka 1979 akaikimbia nchi. Baada ya miaka ya ukimbizini alirudi Uganda, akawa mwalimu wa riadha yeye mwenyewe. Alifariki mwaka 1997.