Mapenzi kazini, Tabora 1872: Ntaoeka, Halima na vijana wa Livingstone

Wadau, wapenzi wa tamthilia za televisheni mnaijua fomula. Ofisi moja, dada mmoja mrembo, wanaume wawili watatu wanaomtaka, bosi anayejifanya mshenga, na dada mwingine wa hapo hapo kazini ambaye haivi kabisa na huyo mrembo. Leo nawaletea mambo hayo hayo, ila haya ni ya kweli. Na "ofisi" yenyewe ilikuwa Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, mwaka 1872.

Kwanza tuelewane kuhusu mazingira. Tabora ya wakati ule, Unyanyembe, ilikuwa njia panda ya biashara. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikifika hapo njia zinagawanyika: moja inakwenda Ujiji na Ziwa Tanganyika, nyingine inapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Shuleni tulifundishwa pembe za ndovu na watumwa, basi. Lakini msafara ulikuwa pia mahali pa ajira. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru, walipatana ujira, walijua haki zao, na wakionewa waligoma au wakatupa mizigo na kuondoka. Kulikuwa na vyeo: kirangozi anaongoza njia, mnyampara anasimamia watu, halafu askari, mpishi na kadhalika. Na wanawake walikuwemo, wakipika, wakitwanga, wakibeba.

Sasa tuje Kwihara. Livingstone na Stanley waliingia hapo Februari 1872 wakitokea Ujiji. Machi Stanley akarudi pwani, na Livingstone akabaki akisubiri wapagazi wapya hadi tarehe 25 Agosti. Miezi mitano na zaidi watu wamekaa tu. Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Wahusika? Kuna Chuma, Myao aliyeokolewa mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa mwaka 1861, akapata kusoma Bombay. Kuna Gardner na Mabruki, waliosomeshwa Nasik, India, kwenye shule iliyochukua Waafrika waliotolewa utumwani. Kwa kipimo cha wakati ule hawa ni vijana wasomi, wameona dunia. Kuna Halima, mpishi, mke wa mtu. Halafu kuna Ntaoeka: ana umbo, ana sura, hana mume.

Livingstone aliandika kwenye shajara yake kwamba hakupenda mwanamke mzuri namna ile akae kwenye kundi bila mwenyewe. Akampendekezea achague mmoja kati ya Chuma, Gardner na Mabruki. Ntaoeka akatabasamu tu! Mzee mwenyewe anakiri kwamba uchaguzi haukuwa mzuri: Chuma ni mvivu, na hao wawili sura zao haziridhishi. Chuma akajitetea kwa hoja ambayo hata leo utaisikia vijiweni: uvivu wangu unatokana na kutokuwa na mke, nipeni mke muone nitakavyobadilika.

Mwisho Ntaoeka alikubali, akawa mke wa Chuma. Lakini angalieni alivyokubali. Shajara inasema ni wanawake wenzake ndio waliotaka aolewe, kisha Livingstone akamwambia tena, naye akaridhia. Baada ya hapo sifa zote anazopewa ni za kazi: anaamka wa kwanza asubuhi ya baridi, anawasha moto, anachota maji, anatwanga, anafagia, anapika. Sijui kama mmegundua. Aliyeahidi kubadilika ni bwana, lakini anayesifiwa kwa kuchapa kazi ni bibi.

Na Halima je? Naye aligombana na Ntaoeka, akaondoka kambini. Bosi akatuma barua imfuate, lakini mama alirudi mwenyewe, akasimama nje akisubiri abembelezwe kidogo ndipo aingie. Livingstone akatoka, akamwambia aingie na asigombane tena, kisha akampa nguo nzito ya kujikinga na baridi. Akaandika kwamba ni mtumishi bora kuliko wote, haibi wala hamruhusu mumewe aibe. Halima alijua thamani yake, jamani. Mpishi mzuri hafukuzwi hovyo.

Lakini kuna mstari unaouma. Livingstone anaandika kwamba atamwachia Halima huru, na akifika Zanzibar atamnunulia nyumba na bustani. Someni tena: ATAMWACHIA huru. Mtu ambaye dunia nzima inamkumbuka kama mpiga vita utumwa alikuwa jikoni na mwanamke ambaye bado hajaandikiwa uhuru wake. Na Zanzibar yenyewe hakufika, kwani alifariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo.

Mnajua kilichofuata. Watu wake waliukausha mwili na kuubeba, wakapita hapo hapo Tabora, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Chuma na Susi wakapelekwa Uingereza, majina yao yakaingia vitabuni. Halima na Ntaoeka, waliokuwa kwenye msafara ule wa mwisho, wamebaki mistari michache kwenye shajara ya mtu mwingine.

Ndiyo maana nasema hii si umbea wa zamani tu. Ndoa kwenye njia ile ilikuwa na uzito wa mkataba wa kazi. Wakubwa nao walilijua hilo: Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe, na ndoa ile ilimpa nguvu kubwa Tabora. Ntaoeka hakuwa na mtemi nyuma yake. Alichokuwa nacho ni kusema hapana kwa tabasamu, na hata hiyo haikudumu.

Mkipita Tabora, nendeni Kwihara mkaione tembe ya makumbusho ya Livingstone. Mkiwa ndani muulizeni anayewatembeza swali moja tu: jiko lilikuwa upande gani?