Tembe, Nyumba ya Safu

Leo tutajifunza habari za tembe, nyumba ya wazee wetu hapa Iramba.

Tembe ni nyumba ndefu, isiyo na kimo kikubwa. Vyumba vyake hufuatana kwa safu kuzunguka ua, na ukuta mmoja hutumika kwa vyumba viwili. Hivyo miti na kazi hupungua. Kuta ni za miti iliyokandikwa udongo. Juu ya nguzo huwekwa mihimili, kisha fito, kisha udongo mzito. Udongo huo huzuia joto la mchana na baridi ya usiku. Paa ni bapa kwa sababu mvua zetu si nyingi. Usiku ng'ombe walifungiwa ndani, simba asiwapate.

Kujenga kwa safu si desturi yetu peke yetu. Zamani za Malkia Victoria, 1837 hadi 1901, Waingereza walijengea wafanyakazi wa viwanda nyumba za safu zenye kuta za pamoja. Nyingi hazikuwa na mifereji ya maji machafu, na kipindupindu kikaua watu. Ndipo sheria ya afya ya mwaka 1875 ikawapa wakuu wa miji uwezo wa kusimamia ujenzi.

Tembe zetu zilipungua watu walipohamishiwa vijijini, 1973 hadi 1976, na mabati yalipoenea. Mafundi wake wanazeeka. Sasa ninyi mnajua kuandika. Mwendeeni mzee aliyejenga tembe, mwulizeni ni mti gani usioliwa na mchwa, mkaandike jibu lake.